Propu aliyecheza fainali na taya lililovunjika: ni mtu wa kweli? Na baadaye alikuwaje?

FundiKatwe_3 aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Nina swali la raga, ila nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia, mnivumilie.

Nacheza propu, mmoja wa wasukumaji wa mstari wa mbele, namba 3, timu ya daraja la chini hapa Kampala. Jina la timu tuliache. Nina miaka 29, nimezaliwa na kulelewa kambi ya polisi Nsambya, ndiyo maana Kiswahili changu kina harufu ya gwaride. Mchana nachomelea vyuma Katwe: mageti, madirisha, vibanda vya rolex (ile chapati ya mayai). Jioni mbili kwa wiki mazoezi, Jumamosi mechi. Halipwi mtu. Tukishinda tunapewa soda na nauli, tukifungwa tunapewa nauli bila soda.

Kocha wetu ni mtu mzuri, msinielewe vibaya. Mama yangu alipolazwa yeye ndiye aliyepitisha kofia. Ila ana hadithi moja aipendayo mno. Kila tukikaribia mechi ngumu anatukalisha chini ya mwembe na kuanza: kulikuwa na propu mmoja Australia, alivunjwa taya fainali haijapamba moto, akacheza mpaka filimbi ya mwisho. "Na wewe unanililia kidole!" Tunacheka, tunafunga viatu, tunaingia.

Wiki tatu zilizopita niliinama kumkaba mtu miguuni, goti lake likanipata hapa juu ya sikio. Kuanguka sikumbuki. Nakumbuka nimesimama, mtu ananivuta jezi anasema skramu, skramu. Nikaingia kwenye lile rundo la kusukumana, nikasukuma. Nikamaliza mechi. Wenzangu wanasema nilicheza vizuri kuliko siku zote. Mimi kipindi cha pili chote sina. Hakipo.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyofuata nilikuwa na geti la mama mmoja wa Kibuli. Geti la mbawa mbili, kazi niliyoanza kuifanya nikiwa na miaka 18. Nikapima, nikakata, nikachomelea, nikapaka rangi, tukalipeleka kwa pikapu, tukalifunga. Bawaba nimeziweka upande wa nje. Geti linafungukia barabarani, palepale wanapopita watoto wa shule na boda. Mdogo wangu tunayefanya naye kazi alidhani mwenye nyumba ndiye aliyetaka hivyo, hakuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nalitazama, na kosa silioni, mpaka yule mama aliponionyesha kwa kidole. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, umelala vizuri jana?"

Tangu hapo kichwa kinauma kila nikiwasha mashine, na ule mwanga, hata nikivaa miwani, naona unaingia mpaka nyuma ya macho.

Naomba kujua: huyo propu yupo kweli au kocha kamtunga? Na kama yupo, baada ya ile siku maisha yake yalikwendaje? Maana hadithi ya kocha huishia kwenye kombe. Jumamosi tuna mechi, na jina langu liko kwenye karatasi.

---

Kijana_wa_Steji aliandika:

Kocha wenu amekula sinema huyo. Mtu mwenye taya lililovunjika hata uji hanywi, atasukuma skramu? Halafu Australia wana raga yao nyingine kabisa, watu 13, hata skramu zao ni kuegemeana tu kama watu kwenye foleni ya benki.

Pole na geti lakini. Nimecheka, halafu nikaona si jambo la kucheka.

---

Mzee wa Malaba aliandika:

Kijana wa Nsambya, salaam. Kocha wako hakutunga. Mtu huyo anaitwa John Sattler. Mimi nilicheza propu Kampala miaka ya 1980, kabla sijaenda kuhangaika nchi za watu, na huko nimekaa miaka mitano Redfern, Sydney, mtaani kwa timu yake, nikifua mashuka ya hoteli. Kwa hiyo tulia nikupe mnyama mzima, kocha wako kakupa pembe tu.

Huyu wa steji kasema kweli kwa bahati. Ni raga ya watu 13. Zamani ilikuwa moja na hii yetu. Mwaka 1895 klabu za kaskazini ya Uingereza zilikutana kwenye hoteli moja Huddersfield zikajitenga, kwa sababu wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Mtu akienda kucheza anakatwa mshahara wa saa alizokosa, na wakubwa wa mchezo hawakutaka afidiwe hata senti. Wewe wa nauli bila soda utawaelewa upesi. Mwaka 1906 wakapunguza watu wawili. Kwao hakuna kung'ang'ania mpira ardhini: ukikabwa unasimama, unaurudisha nyuma kwa unyayo, mwenzako anaendelea. Siku hizi timu ikikabwa mara sita inautoa mpira kwa wapinzani. Kwenye fainali ile ya Sattler ilikuwa mara nne. Na skramu zao za wakati huo hazikuwa za foleni ya benki, bwana mdogo. Watu walisukumana, walipigana vichwa, waling'atana masikio.

Kazi ya propu wa raga ile ni hii: upokee mpira ukimbie moja kwa moja kwenye ukuta wa watu wanaokusubiri. Wakuangushe. Uinuke, urudi nyuma, upokee tena. Hakuna ujanja. Mawinga ndio wanaopigwa picha.

Sattler alizaliwa 1942, akatokea Kurri Kurri, mji wa makaa ya mawe huko kaskazini ya Sydney. Mwaka 1963 akaja South Sydney, jezi nyekundu na kijani, ambao jina lao la utani ni la wale wauza sungura waliokuwa wakipita mitaani. Wakampa unahodha. Chini yake walibeba ubingwa 1967, 1968, 1970 na 1971. Akachezea na taifa. Watu walimwita Gentleman John, muungwana John, na walikuwa wanamkejeli, maana marefa walimtoa nje mara nyingi. Nje ya uwanja mpole, ndani mtu wa mkono mzito. Hilo sidhani kama linasimuliwa chini ya mwembe.

Fainali yenyewe ni 19 Septemba 1970, uwanja wa kriketi wa Sydney, dhidi ya Manly. Mchezo hata haujakolea, fowadi mmoja wa Manly, yaani mmoja wa wasukumaji wao, alimtandika ngumi, taya likavunjika. Sattler akamwambia mwenzake, winga Mike Cleary, amshikilie asianguke, ili wale wasijue kaumia. Mapumziko ikafika, akakataa kubaki ndani. Wakashinda 23 kwa 12. Akapokea ngao, akatoa na hotuba kwa mdomo uleule, ndipo akapelekwa hospitali. Hapo ndipo kocha wako hufunga kitabu.

Mimi naendelea. Mwaka huohuo Uingereza kulikuwa na Kombe la Dunia la raga hiyo. Australia walilichukua. Sattler hakwenda, taya lilikuwa limefungwa. Mwaka 1971 alirudi akabeba ubingwa mwingine, kisha akahamia Queensland akachezea Wests ya Brisbane, akamalizia huko.

Nilipofika Redfern mwaka 1998 alikuwa ameshaondoka miaka mingi, lakini bado yupo. Kwenye baa ya chini ya hoteli yetu wazee walikuwa wakitaja taya lile kama sisi tunavyotaja vita. Ukimwaga bia: "Sattler asingemwaga." Mwaka uliofuata wenye ligi wakaamua kuitoa South Sydney mashindanoni kwa sababu ya hesabu za biashara. Tarehe 12 Novemba 2000 watu wanaokadiriwa 80,000 waliandamana mjini. Mimi nilikuwemo, Mganda mmoja mwenye skafu ya kuazima, nikipaza sauti kwa timu ambayo nilikuwa sijawahi hata kulipa tiketi kuiona. Mahakama ikawarudisha, wakacheza tena 2002.

Fainali ya 2003 niliitazama chumba cha kufulia, televisheni juu ya mashine ya kukaushia. Hawakuwemo South, ni Penrith na Sydney Roosters. Winga wa Roosters, Todd Byrne, mtu wa mbio, amechomoka pembeni, mbele yake hakuna mtu. Akatokea fowadi wa Penrith anamfukuza kwa mshazari, mtu ambaye kwa haki ya mbio hakupaswa kumfikia, akamrukia miguuni, wote wakatoka nje ya mstari. Penrith wakashinda 18 kwa 6. Mzee tuliyekuwa tunakunja naye mashuka akaacha shuka likaanguka chini. "Huyo ni mtoto wa Satts." Ni kweli. Scott Sattler, mwanawe.

John Sattler alifariki Machi 2023, ana miaka 80. Miaka yake ya mwisho aliishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Sisemi taya ndilo lililoyaleta. Sijui, na daktari wa kweli asingekuambia kwa mtu mmoja. Nasema umeuliza alikuwaje, basi alikuwa hivyo.

Sasa yangu. Masikio yangu yamejikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Shingo haigeuki kushoto, nikirudisha gari nyuma mke wangu ndiye kioo changu. Hayo nayakubali. Lakini kuna mwenzangu, huka wetu, yule anayesimama katikati ya mapropu wawili kwenye skramu, tulifungana naye mkono misimu sita. Yuko Mbale kwa bintiye. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia na sukari na mkate. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akaitikia kwa heshima, kama mtu anayeitikia mgeni wa serikali, akarudi kutazama kuku. Tulikaa saa nzima. Nilipoinama kumkumbatia kuaga, mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe chini ya kwapa langu ukakamata shati kwa nyuma, ukakaza. Palepale alipokuwa akinishika kila tukiingia skramu. Uso wake hata haukugeuka.

Nilikaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kuwasha.

---

Namba_Nane_Mstaafu aliandika:

Mzee, kwa heshima, mnawatisha vijana. Mimi raga ndiyo iliyonisomesha. Baba alikuwa hana ada, shule ikanipa nafasi kwa sababu nilikuwa na mabega. Kama ningekimbilia kwa daktari kila nikiona nyota ningekuwa nauza mihogo hadi leo. Mwaka 2007 vijana wetu walikwenda Antananarivo wakawafunga Madagascar nyumbani kwao na kuleta Kombe la Afrika. Mnadhani hakuna aliyekuwa na kichwa kinachouma siku ile?

Halafu mtu kaishi miaka 80! Babu yangu hakuwahi kugusa mpira wa aina yoyote, akiwa na 70 alikuwa anamwita mbuzi kwa jina la shangazi yangu. Hapa Kampala boda zinapasua vichwa kila siku, hatusikii mtu anasema tuache kupanda boda.

Fundi, pumzika wiki hii kama unaona hivyo. Ila usisikilize maneno ya kuacha mchezo.

---

Nesi wa Tororo aliandika:

Kaka Namba Nane, sehemu moja uko sawa na niitaje kwanza: kwa mtu mmoja aliyefariki na miaka 80 huwezi kusema mchezo ndio sababu. Kuna wengi wanaosahau ambao hawakucheza kitu. Na hadithi ya taya, inavyosimuliwa, si hadithi ya ubongo. Taya ni mfupa. Utalishikilia kwa waya, baada ya wiki kadhaa limeunga. Kosa la kocha ni kuichukua hadithi ya mfupa akaipeleka kwenye kichwa cha mtu aliyepoteza kipindi kizima.

Lakini wapo waliochunguzwa. Steve Folkes alikuwa fowadi wa mstari wa pili wa Canterbury, pia Sydney, raga hiyohiyo ya 13, baadaye akawa kocha wao wakachukua ubingwa 2004. Alifariki 2018 kwa moyo, ana miaka 59. Ubongo wake ulipochunguzwa wakakuta ule ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka, ambao madaktari wanauita kwa kifupi CTE. Hauonekani kwenye kipimo cha picha mtu akiwa hai. Unathibitishwa kwa kuukata ubongo na kuutazama kwa hadubini. Na upande wa raga yetu, Steve Thompson, huka aliyebeba Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003, aligunduliwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 42. Yeye mwenyewe alisema fainali ile haikumbuki. Huyo si babu wa miaka 70, kaka.

Sasa Fundi, nakuandikia wewe kama mdogo wangu. Kusahau kipindi cha pili, kichwa kuuma, mwanga kuchoma, na kufanya kosa kwenye kazi unayoijua kwa macho yaliyofumbwa: huo ni mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aseme vingine. Kupoteza fahamu si lazima, wengi hawapotezi. Siku ile ulitakiwa utoke palepale usirudi. Kwa wachezaji wasiolipwa, mwongozo wa shirikisho la dunia ni angalau siku 21 kabla ya kurudi mechini, na watu wanalisoma vibaya neno hilo. Wanahesabu kama kifungo: siku ya 21 natoka. Hapana. Ni siku 21 NA dalili zote zimekwisha NA umepanda ngazi moja moja, kutembea, kukimbia, mazoezi bila kugongana, ndipo kugongana. Wewe wiki tatu zimepita na dalili bado zipo. Ngazi ya kwanza hujaikanyaga.

Ninachokiogopa zaidi ni goti la pili. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kuvimba ghafla, na hilo limeua vijana wenye umri kama wako na chini yako.

Nenda hospitali ya rufaa, wiki hii. Waeleze habari ya geti, ieleze kama ulivyoieleza hapa, usiseme tu "kichwa kinauma" maana watakupa paracetamol na kukurudisha nyumbani. Na mwambie mdogo wako: ukianza kutapika, kichwa kikizidi badala ya kupungua, ukawa mgumu kuamka, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, mkono ukafa ganzi, ukashikwa na degedege, asisubiri asubuhi.

Kuhusu kazi: usipande ngazi na usishike grinda kwa sasa. Jicho linalokimbia mwanga si jicho la kushikia diski inayozunguka.

Na kwa kocha, bila ugomvi. Kuna maswali matano ya pembeni mwa uwanja, hayahitaji nesi wala mashine. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Mchezaji akikwama moja, anatoka. Angekuuliza siku ile ungetoka na ungerudi uwanjani kwa amani.

---

Mpita_Lugogo aliandika:

Kama kocha anataka hadithi ya fowadi, abadilishe kanda. Kevin Sinfield, namba 13 na nahodha wa Leeds, raga hiyohiyo, mataji saba ya fainali kuu ya Uingereza. Alipostaafu, mwenzake mdogo wa umbo, Rob Burrow, alishikwa na ule ugonjwa wa neva unaolemaza misuli mpaka sauti. Desemba 2020 Sinfield akakimbia marathoni saba kwa siku saba kumchangishia. Mei 2023, Leeds, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kilomita 42, na walipofika mwisho akambeba mikononi kuvuka naye mstari. Burrow alifariki Juni 2024, ana 41.

Mimi hiyo ndiyo kazi ya fowadi ninayoielewa.

---

Mzee wa Malaba aliandika:

Nesi, asante. Umenisahihisha kwenye taya na ubongo, nimekubali. Niliyachanganya kwa sababu kichwani mwangu huka wa Mbale na Sattler wamekaa benchi moja.

Namba Nane, hatugombani. Na mimi raga ilinipa ndugu. Lakini angalia hata hao wa taya wamebadilika. Mwaka 2014 South Sydney waliingia fainali, ubingwa wa mwisho ukiwa ule wa 1971 wa Sattler, miaka 43. Walikuwa na fowadi Mwingereza, Sam Burgess, mtoto wa Dewsbury. Mgongano wa kwanza kabisa, mfupa wa shavu ukavunjika. Akacheza mpaka mwisho, 30 kwa 6, akapewa nishani ya mchezaji bora. Redfern nzima ikasema Sattler karudi. Mimi nilikuwa nimeshahamia Malaba, nikaitazama kwenye simu ya mwanangu kwa vifurushi vya kukatika katika, kila Burgess akipokea mpira picha inaganda. Miaka mitano baadaye bega likamstaafisha, ana 30. Mwaka 2024 akawa kocha wa Warrington, klabu ya huko kwao Uingereza. Na ligi yao hiyohiyo, tangu 2023, mchezaji akithibitishwa mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hachezi angalau siku 11, hata kama ni nahodha, hata kama ni fainali. Mfupa bado wanakuachia uamue mwenyewe. Kichwa wamekunyang'anya.

Fundi, Jumamosi umeamuaje? Na geti?

---

FundiKatwe_3 aliandika:

Wazee wangu, dada yangu, nimesoma yote, mengine mara mbili kwa sababu mwanga wa simu nao unanisumbua. Mdogo wangu amenisomea sehemu ya Mbale. Alipofika kwenye shati alinyamaza, nikamwambia endelea.

Jana nimekwenda hospitali, nimekaa benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa nane. Daktari kijana, ametumia muda na mimi. Nilimweleza habari ya geti kama nesi alivyosema, na hapo ndipo alipoacha kuandika akaniangalia. Kaniambia nitaje miezi kutoka wa mwisho kurudi wa kwanza, nilikwama Septemba. Kanipangia kipimo cha picha wiki ijayo, na kuchomelea nimezuiwa mpaka anione tena.

Kwa kocha nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake, sikupiga simu. Nilimuuliza kama anajua Sattler alifariki vipi. Alikuwa hajui. Hadithi ile alipewa na kocha wake, naye alipewa na mtu. Tulikaa kimya kidogo, mkewe akaleta chai. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo Jumamosi nani anacheza namba 3?" Nikadhani hajanisikia. Lakini alikuwa ameshachukua kalamu na karatasi, jina langu limekatwa, anauliza kweli. Tukamweka kijana wa Kibuye, mzito lakini mvivu wa kuinama. Mimi nitakuwa pembeni na maji, na yale maswali matano nimeyaandika nyuma ya boksi la vijiti vya kuchomelea. Kocha amesema atayauliza yeye mwenyewe, mimi nishike boksi tu.

Geti la Kibuli tulikwenda nalo leo asubuhi. Bure, na rangi juu. Mdogo wangu alishika grinda, alikata bawaba zote nne akazihamishia ndani, mimi nilikuwa nasoma vipimo kwenye futi. Kila nikitaja namba alikuja kuiangalia mwenyewe kabla ya kuweka alama ya chaki. Mwanzo nilikasirika. Bawaba ya tatu alinirudisha, nilikuwa nimesoma 34 nikasema 43.

Yule mama alitupikia matoke.